Anaeli Aliyeshukia Oldonyo Sambu

Mtu wa Nkoaranga ukimwuliza kaskazini iko wapi, atakutazama tu, halafu akuulize wewe una shida gani. Sisi pande zetu zilikuwa mbili, basi: juu na chini. Juu ni mlimani, chini ni barabara ya Moshi na tambarare yake. Hata ndani ya nyumba ilikuwa hivyo hivyo. Mama alimwambia mtoto amletee mwiko ulioko upande wa juu, na mtoto hakukosea. Ukipotea msituni, wazee walikufundisha jambo moja tu: shuka. Ukishuka utakuta mto, ukiufuata mto utakuta migomba, na kwenye migomba yumo mtu wa kwenu. Chini ni nyumbani, ndivyo walivyotuambia, na hatukuwahi kusikia mtu aliyepotea kwa kufuata neno hilo mpaka alipolifuata Anaeli mwana wa Aminiel.

Habari zake nataka kuzisema kama zilivyokuwa, maana zimetiwa chumvi mno na watu ambao mlima wa Meru wameutazama wakiwa wamekaa sokoni Maji ya Chai, wanamenya miwa. Anaeli hakuwa mjinga. Alikuwa na kichwa kigumu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mwaka ule wa elfu moja mia tisa arobaini na tisa alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, ana mke, Elizabeth, na mtoto mmoja wa kike, Elifuraha. Kazi yake ilikuwa nyuki. Alirithi kwa baba yake mizinga ya magogo arobaini na kitu, imetundikwa kwenye miti mirefu huko msituni, na ili kuifikia ilimbidi apite kwenye njia za nyati na kulala kwenye mapango siku mbili tatu. Msitu aliujua kwa harufu. Lakini moyo wake haukuwa kwenye asali. Moyo wake ulikuwa juu ya msitu, kule ambako miti inakwisha na mlima unabaki mifupa mitupu.

Alikuwa na hasira moja, na haki alikuwa nayo. Wazungu wa mjini walikuwa na chama chao cha kupanda milima, na kila walipotaka kupanda Meru walileta viongozi kutoka Kilimanjaro, Wachaga waliokwisha kuzoea kazi hiyo. Watu wa Nkoaranga walipewa mizigo wabebe. Mlima wetu, tunanyweshwa nao maji, halafu anakuja mtu kutoka mlima mwingine kutuonyesha njia! Anaeli aliapa kwamba atakuja kuongoza watu kwenye mlima ule, waende na warudi, na watu wamjue kwa kazi hiyo. Alikuwa akiyasema hayo kwa baba yake, kwa mkewe, na nadhani hata kwa nyuki.

Basi Mungu akamletea Tarlochan Singh. Huyu alikuwa fundi wa magari, Kalasinga wa Arusha mjini, karakana yake nyuma ya soko. Alipanda Nkoaranga siku moja kutengeneza lori la mnunuzi wa kahawa lililokuwa limekata ekseli, na alipotoka chini ya lori, mikono imejaa grisi, mawingu yakafunguka na mlima ukasimama mbele yake mzima mzima. Akasahau lori. Akauliza nani amewahi kufika kule. Yeye alikuwa na hamu ya siku nyingi, ila kile chama cha Wazungu kilikuwa hakimpokei Mhindi. Watu wakamwonyesha Anaeli.

Hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Tarlochan alimwuliza Anaeli kama kileleni anapajua, na Anaeli akajibu kuwa mlima ule anaujua nje ndani. Uongo. Alikuwa amefika mara mbili kwenye ukingo wa juu, akachungulia shimo, akarudi. Kileleni alikuwa amepaona kwa macho tu.

Mlima wenyewe mjue umbo lake. Huko juu umekaa kama chungu kilichovunjika upande mmoja. Katikati ni shimo, refu la kutisha, ukiangusha jiwe husikii linapofika. Mtu anatembea juu ya mdomo wa hicho chungu, na kilele kiko kwenye mdomo huo huo, ila upande wa mbali na kwetu. Kwa hiyo ukitoka Nkoaranga unapanda mpaka kwenye mdomo, halafu unauzunguka mpaka kileleni. Kurudi ni vivyo hivyo: uzunguke kwanza, ndipo ushuke.

Waliondoka mwezi wa pili, watu watatu: Anaeli, Tarlochan, na rafiki yake Tarlochan aitwaye Zulfikar, mwalimu wa shule ya Wahindi, mtu mwembamba mwenye miwani na dira mfukoni. Siku ya kwanza walipita msitu, wakalala pangoni. Siku ya pili wakafika kwenye mdomo, wakauzunguka kwa saa nyingi, upepo unawachapa, na saa saba mchana wakawa kileleni. Walifika kweli, hilo hakuna wa kuwanyang'anya. Tarlochan alitoa chapati na achari, wakala huku meno yanagongana kwa baridi, wanacheka kama watoto waliotoroka shule. Anaeli alitazama chini akaona nchi yote imelala, na kifua kikamjaa. Alijiona tayari ni kiongozi.

Ukungu ulikuja wakiwa bado wanatafuna. Kwa muda mfupi tu wakawa hawaoni miguu yao wenyewe. Zulfikar akatoa dira, akaitazama, akasema inabidi wafuate mdomo wa mlima kwanza, wapinde, wasishuke bado. Anaeli akaitazama ile sindano inavyotetemeka, akaona anafundishwa mlima wa baba yake na kitu kidogo kama kifungo cha koti.

"Hiyo sindano inajua kwetu ni wapi?" aliuliza. "Tushuke. Chini ni nyumbani."

Nao wakashuka. Na ilikuwa raha, ndugu zangu, tusidanganyane. Upande ule mteremko ni majivu na changarawe laini, unatia kisigino na ardhi inakubeba. Walishuka kwa saa moja sehemu ambayo wangeipanda kwa saa nne. Tarlochan aliimba. Ukungu ulipoanza kupungua walikuwa wameingia kwenye miti.

Miti yenyewe ilikuwa mierezi. Mikavu, mirefu, gome linabanduka, na chini yake vumbi. Kwetu, juu ya Nkoaranga, kila kitu kimelowa. Ukishika mti mkono unatoka na maji, na hutembei nusu saa bila kusikia mto. Hapa kulikuwa kimya. Anaeli alisimama. Alijua. Alijua palepale, kama mtu anavyojua ameingia nyumba isiyo yake, kwamba wameshukia upande mwingine wa mlima. Nyuma yake Tarlochan akauliza kama bado mbali.

Anaeli akasema bado kidogo.

Mnaona? Si ukungu uliomharibia. Ukungu ni wa Mungu, humpata kila mtu. Kilichomharibia ni lile "bado kidogo". Angesema wakati ule, wangekaa, wangepumzika, wangepanga. Lakini uso ungemshuka mbele ya wageni wake, na yeye hakuwa mtu wa kukubali uso umshuke. Aliendelea kuwashusha, jioni yote, makorongo juu ya makorongo, chupa za maji zimekwisha, akisema bado kidogo, bado kidogo, mpaka giza likawasimamisha. Asubuhi wakaanza tena, midomo imepasuka kwa kiu. Na saa tatu, wakivuka korongo moja lenye kingo za udongo mkavu, ukingo ulikatika na Tarlochan akaenda nao. Walisikia mfupa wa kifundo cha mguu ukivunjika.

Anaeli alimbeba mgongoni. Jamaa yule alikuwa mzito, kifua cha kunyanyua injini, na Anaeli alimbeba toka saa tatu hadi alasiri bila kumruhusu Zulfikar kumpokea. Aliyewaona wa kwanza alikuwa Loishiye, Mwarusha wa makamo aliyekuwa akichunga ng'ombe. Aliwauliza wanatoka wapi. Anaeli akasema Nkoaranga. Akawauliza wanakwenda wapi. Anaeli akasema Nkoaranga. Loishiye aliegemea fimbo yake akacheka mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Halafu akaona ule mguu, akaacha kucheka, akawapeleka bomani kwake, akawapa maziwa, akatuma mtu barabarani kusimamisha gari. Hapo palikuwa Oldonyo Sambu. Nyumbani kwa Anaeli kulikuwa upande wa pili wa mlima mzima.

Habari hizo zilifika Nkoaranga kabla ya mwenyewe. Wanawake wa sokoni Maji ya Chai wakamwona anapita na debe la asali, wakaulizana kwa sauti eti leo chini iko wapi. Waliokuwa wakibeba mizigo ya Wazungu walimpa jina, wakamwita Bwana Bado Kidogo. Akienda kanisani watu wanakohoa. Baba yake Aminiel hakusema neno, na hilo lilimwuma kuliko la sokoni. Na kule Arusha mguu wa Tarlochan ulipona vibaya; mfupa ulijiunga kombo, akawa mtu wa kuchechemea. Anaeli alisikia. Hakwenda kumtazama. Kila wiki alisema atakwenda, na kila wiki kulikuwa na mzinga wa kutundika.

Mkewe alimvumilia kama miezi mitatu. Elizabeth alikuwa mpole wa maneno, lakini akisema amesema. Siku moja walikuwa wanachambua kahawa barazani, na Anaeli alikuwa akilaumu ukungu, kama kawaida yake: ukungu ule haujawahi kuonekana, ukungu mzito namna ile, ukungu wa ajabu.

"Baba Elifuraha," mkewe akamkatiza, "mierezi uliiona?"

Akasema aliiona.

"Sasa kwa nini hukuwaambia?"

Anaeli aliuweka chini ungo wa kahawa. Aliona aibu. Si ile ya sokoni, ya kuchekwa, hiyo alikwisha kuizoea. Hii ilikuwa imekaa tumboni. Aliinuka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye migomba mpaka jioni, na aliporudi alimwambia mkewe kwamba atarudi mlimani, na kwamba safari hii atausoma kama mtoto anavyosoma herufi, a mpaka ze, na hatamwongoza mtu mpaka amalize. Elizabeth akamwuliza nani atakayemfuata. Anaeli akasema hajui. Lilikuwa neno geni kinywani mwake.

Ndipo mwanamume akajifunga kweli kweli. Kwa karibu miaka miwili, kila alipomaliza kurina asali, alipanda. Alipanda peke yake, na blanketi moja, unga wa ndizi, na kisu. Mara ya kwanza alizunguka mlima mzima kwa chini, siku sita, akihesabu mito: upande wetu mingi mpaka ukachoka kuhesabu, upande wa jua kuchwa karibu hakuna. Mara nyingine alikwenda Oldonyo Sambu kwa makusudi, akamtafuta Loishiye, akamsalimu shikamoo kwa adabu zote na kumwomba amwonyeshe njia za upande wake. Loishiye akacheka tena, kisha akamkaribisha.

Huko kwa Loishiye ndiko alikopata somo lenyewe, na hakulipata njiani. Alilipata akiwa amekaa kwenye kigoda, anatazama jua likichwa. Mke wa Loishiye alikuwa amemwekea vibuyu viwili, kimoja cha maziwa na kimoja cha maji. Anaeli akaomba apewe kile cha upande wa juu. Mama yule akampa cha maji. Anaeli akasema hapana, cha juu, mama, akionyesha kwa kidevu. Mama akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa, akamwambia hicho ndicho cha juu, mlima si huo hapo? Akageuka. Mlima ulikuwa mgongoni kwake. Toka utoto wake, kila alipoketi akitazama jua likichwa, mlima ulikuwa mkono wa kuume. Mwili wake ulikuwa umeuweka huko wenyewe, bila kumwuliza. Juu ya Loishiye haikuwa juu yake. Chini ya Loishiye haikuwa chini yake. Kila nyumba inayouzunguka mlima ule ina chini yake, na watu wake wote wanasema huko ndiko nyumbani, na wote wanasema kweli.

Alicheka mpaka machozi, Anaeli, akiwa na kibuyu cha maji mkononi. Wenyeji wake walidhani amepatwa na jua.

Toka siku ile aliacha kusema juu na chini akiwa kwenye ule mdomo wa mlima. Alijipa mikono. Ukitoka kileleni kurudi Nkoaranga, shimo linabaki mkono wa kushoto, mwanzo hadi mwisho, usiliache. Likihamia kulia umerudi ulikotoka, na usipolisikia kabisa umekwisha kuanza kushukia kwa watu. Alijifunza kulisikiliza, maana shimo lile lina pumzi yake, baridi inayopanda usoni. Alitupa mawe maelfu kwenye ukungu akisikiliza. Na mahali pa kuacha mdomo na kuanza kushuka kwetu alijenga rundo la mawe, kimo cha kifua cha mtu, jiwe moja moja, mikono ikavimba.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa hamsini na moja, gari lilisimama pale njia ya magari inapoishia. Anaeli alikuwa juu ya mti anatengeneza kamba ya mzinga. Aliona mtu mwenye kilemba anapanda kilima kwa fimbo, hatua ndefu, hatua fupi. Akatamani mti ummeze. Alishuka polepole kuliko alivyowahi kushuka mti wowote, akasimama mbele ya Tarlochan Singh, akasalimu.

Tarlochan alipumua kwanza. Kisha akaonyesha mguu wake. Alikuwa amejitengenezea kiatu karakanani: soli ya tairi, na pembeni vyuma viwili vya kushika kifundo, vimekazwa kwa skrubu. Alisema amefanya mazoezi nacho mwaka mzima, kila Jumapili, huko mjini, kutoka Lemara mpaka Themi kurudi, na watu wamemcheka vya kutosha.

"Mimi nilikuambia unipeleke kileleni na kurudi," akasema. "Kwenda tulikwenda. Kurudi bado."

Anaeli akamwuliza kwa nini asitafute kiongozi mwingine. Tarlochan alijibu kwamba aliwatafuta, wote waliutazama mguu wakakataa. Halafu Loishiye alikuja mjini kuuza ngozi, akapita karakanani, akamsimulia habari za Mmeru mmoja mwenye wazimu anayetembea mlimani peke yake akitupia shimo mawe. Ndipo alipokuja. Anaeli alitazama chini. Akasema yuko tayari, ila kwa sharti moja: akiwa hajui, atasema hajui, na fundi asije akamlaumu kwa hilo. Tarlochan akasema sharti hilo amelipenda.

Nkoaranga nzima ilitoka kuwatazama wanaondoka. Bado Kidogo na Mchechemeaji! Kuna waliosema Oldonyo Sambu watayarishe maziwa. Elizabeth alimfungia mumewe ndizi za kuchoma, akasimama njiani mpaka wakapotea kwenye miti.

Kupanda kuliwachukua siku tatu badala ya mbili. Tarlochan alipanda kwa mikono na kwa meno, nusu ya njia amekaa anajisukuma kwa makalio, na hakuna mahali alipoomba waache. Anaeli hakumharakisha. Walifika kileleni siku ya tatu saa nne asubuhi, kweupe, wakapeana mikono, na safari hii hawakukaa kula. Walianza kurudi mara moja, shimo mkono wa kushoto.

Ukungu ukaja. Ungekosaje kuja? Ulipanda kutoka shimoni kama mvuke wa sufuria, ukawafunika wakiwa wametembea saa mbili tu. Anaeli alifunga kamba kiunoni mwake, akafunga mwisho mwingine kwa Tarlochan, wakaenda hatua kwa hatua. Mguu wa Tarlochan ulikuwa umevimba ndani ya vile vyuma. Kulia kwao, wakati wote, ulikuwepo mteremko ule ule wa majivu, laini, unaoshuka taratibu, unaowaita. Anaeli aliusikia unavyoita. Mwili wake wote ulitaka kwenda huko. Miaka miwili ya kujifunza, na bado damu yake ilikuwa inamwambia shuka.

Walifika mahali ambapo njia ilipotea kwenye mawe makubwa. Mbele yao mwamba ulipanda, mkali, wa kushika kwa mikono. Anaeli alitupa jiwe kushoto. Likagonga karibu. Akatupa jingine. Likagonga karibu. Shimo halikuwepo. Pumzi yake hakuisikia. Alisimama, na nyuma yake, kama zamani, Tarlochan akauliza kama wako kwenye njia.

Lile neno lilimjia ulimini, tayari, tamu. Bado kidogo. Alilimeza.

"Hapa sijui, fundi," akasema. "Kaa hapa. Nikatazame, nirudi nikwambie."

Alifungua kamba, akaenda kwa kutambaa, mkono mmoja mbele. Alitambaa kushoto, akakuta mawe tu. Akapanda kidogo, akatambaa tena. Akahesabu hatua zake ili asimpoteze mwenzake. Kwenye hatua ya sitini mkono wake uligusa hewa, na baridi ikampiga usoni kutoka chini. Akalala pale kifudifudi akimshukuru Mungu kwa Kimeru. Walikuwa wamesogea kulia bila kujua, wameanza kuuacha mdomo. Njia ilikuwa juu ya ule mwamba.

Alirudi akamkuta Tarlochan amekaa ameshika goti kwa mikono miwili, uso umepauka kwa maumivu. Akamwambia kama ilivyo: walikuwa wamekosea kidogo, yeye ndiye aliyekosea, shimo amelipata, na inabidi wapande mwamba ule kabla ya kufikiria kushuka. Tarlochan alitazama mwamba. Alitazama mteremko wa majivu mkono wa kulia. Mtu yeyote mwenye mguu ule angechagua majivu, na angekuwa na sababu zote, maana aliyesimama mbele yake akimwambia apande ndiye yule yule aliyemwambia ashuke. Anaeli hakumbembeleza. Alisimama tu na kamba mkononi, akaona kwamba miaka yake yote miwili imekaa pale kwenye ulimi wa yule fundi.

"Tangulia," Tarlochan akasema.

Walipanda. Anaeli akivuta, Tarlochan akijisukuma, vyuma vya kiatu vikikwaruza jiwe. Ilikuwa karibu saa nzima kwa mwamba ambao mtu mzima wa miguu angeupanda kwa dakika kumi. Baada ya hapo mdomo ulinyooka, shimo likawa kushoto kama linavyotakiwa, na alasiri mkono wa Anaeli uligusa rundo lake la mawe kabla macho hayajaliona. Wakageuka kulia. Walishuka kama nusu saa, na ukungu ukabaki juu yao. Chini waliona migomba ya Nkoaranga, mabati ya hospitali yanameta, moshi wa jikoni, na barabara ya Moshi nyembamba kabisa mbali huko.

Tarlochan alikaa kwenye jiwe, akaomba asaidiwe kuvua kiatu. Anaeli akapiga magoti, akalegeza skrubu moja moja, akautoa mguu. Ulikuwa umevimba, mwekundu, na mfupa wa kifundo umekaa upande ambao Mungu hakuuweka. Kwa miaka miwili alikuwa ameusikia tu mguu ule kwa watu. Sasa alikuwa ameushika mikononi, una joto, na mshipa unapiga. Alilia. Hakujificha; mtu mzima, baba wa mtoto, alilia mbele ya Kalasinga na kamasi zikamtoka.

"Nisamehe, fundi. Mguu huu nimeuvunja mimi," akasema. "Miti niliiona. Nilijua tumepotea, nikakaa kimya."

Tarlochan hakusema kwamba haidhuru. Hakusema kwamba ilikuwa bahati mbaya. Aliutazama mguu wake, kisha akamtazama Anaeli.

"Najua ni wewe," akasema. "Haya, nivalishe kiatu."

Anaeli alipangusa uso kwa kiganja, akauingiza mguu taratibu, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, akiuliza kila mara kama inauma. Kisha akamwinua, akasimama mbele yake, na wakaendelea kushuka.